Mzimu Ukitoka, Nani Analipwa?

Wanachuo wenzangu, hasa mnaosoma ualimu na bado hamjaenda TP, naomba mtafute kama saa mbili hivi muangalie muvi moja ya zamani inaitwa The Frighteners. Ni ya mwaka 1996, yaani wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Ni muvi ya mizimu. Inatisha kidogo, inachekesha sana, na ina vituko ambavyo vingine havikai vizuri pamoja. Aliyeiongoza ni Peter Jackson, huyuhuyu aliyekuja kutengeneza The Lord of the Rings, na staa wake ni Michael J. Fox wa Back to the Future. Hadithi inatokea kwenye mji mdogo wa Marekani unaoitwa Fairwater, lakini muvi yenyewe ilipigwa New Zealand, nyumbani kwao Jackson. Ilipotoka haikutamba. Ilitoka tarehe 19 Julai 1996, siku ileile ya ufunguzi wa Olimpiki ya Atlanta, na hiyo si siku ya kushindana nayo.

Siirudii kwa sababu ya picha zake, maana kazi ya kompyuta za wakati ule leo unaiona wazi. Nairudia kwa sababu sijaona muvi nyingine inayoeleza biashara ya hofu ya Kanda ya Ziwa vizuri kama hii, wakati waliyoitengeneza hawakuwa wanatufikiria kabisa.

Hadithi iko hivi. Jamaa anaitwa Frank Bannister. Zamani alikuwa msanifu wa majengo. Mke wake akafa kwenye ajali ya gari, na tangu hapo Frank akawa anawaona wafu, anaongea nao, anapiga nao stori. Mizimu mitatu ndiyo washikaji wake: Cyrus, Stuart, na Jaji mmoja mzee wa enzi za kauboi aliyechakaa mpaka viungo vinamdondoka. Sasa angalia kazi wanayofanya. Frank anakwenda msibani anagawa kadi zake za biashara. Usiku washikaji wake wanaingia kwenye nyumba ya mtu, wanarusha vyombo, wanatikisa vitanda, watoto wanalia. Asubuhi mwenye nyumba anakumbuka ile kadi, anapiga simu. Frank anakuja na vifaa vyake vya maigizo, anahangaika hangaika mle ndani, anatoka jasho, anasema imetoka hiyo. Halafu anaandika bili.

Niliiangalia kwenye laptopu pale Igogo ninapopanga, tukiwa watu watano chumbani na mama mwenye nyumba amesimama mlangoni. Kiingereza hasikii sana, na wala hakuna aliyekuwa anamtafsiria kama wale madijei wa vibanda umiza. Lakini alipoona ile bili alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Akasema, "Kumbe na Wazungu wana wapigaji kama wa kwetu!" Hakuhitaji tafsiri. Frank anamjua. Sote tunamjua.

Kama unabisha, panda daladala kutoka Igogo, pita Mkuyuni, pita Butimba mpaka Nyegezi, na ukiwa dirishani hesabu vibao na karatasi zilizobandikwa kwenye nguzo za umeme. Mganga kutoka Sumbawanga. Mganga kutoka Pemba. Anarudisha mume, anasafisha nyota, anatoa majini, anaongeza wateja dukani, na kuna mmoja ameandika kabisa kwamba anasaidia kufaulu mitihani, sijui na sisi wenye sapu anatuhesabu humo. Chini kuna namba ya simu. Ile namba ndiyo kadi ya Frank.

Tena nguzo ya umeme ni hatua ndogo. Kuna wale wanaoitwa lambalamba, wanaozunguka vijijini kwa madai ya kusafisha uchawi. Wanaingia kijiji, kila kaya inachanga, wanachimba uani kwa mtu, wanatoa pembe au kifurushi cha matambaa, na yule mwenye uwanja ameshakuwa mchawi mbele ya kijiji kizima. Serikali imewakataza mara nyingi, na bado hauishi kusikia wameingia mahali.

Mwaka jana nilikuwa TP kwenye sekondari moja, sitaitaja. Wasichana wa kidato cha pili wakaanza kuanguka. Wa kwanza Jumatatu, kufika Alhamisi walikuwa zaidi ya kumi, wanapiga kelele, wanasema wanaona mtu mweusi dirishani. Kikaitwa kikao cha wazazi, ikakubaliwa kila mwanafunzi alete shilingi 2,000, akaitwa mtaalamu. Mtaalamu akafika na vijana wake wawili, akazunguka, akanusa, akaenda moja kwa moja kwenye mlingoti wa bendera. Wakachimba. Wakatoa kifurushi cha kitambaa chekundu kimefungwa kwa uzi. Watu wakashika vichwa. Ndipo mtoto mmoja wa kiume, mdogo mdogo, akaniuliza kwa sauti ambayo wote tuliisikia: "Mwalimu, mbona kitambaa hakijaoza, na mvua yote hii?"

Darasa likacheka. Kwa sekunde chache hata wale wasichana waliokuwa wamekaa chini wakashika vichwa walicheka. Halafu mwalimu wa zamu akamwambia mtoto afunge mdomo, na mtaalamu akalipwa.

Swali la yule mtoto sijaacha kulifikiria. Chuoni tumefundishwa mbinu shirikishi, tumefundishwa kumjengea mwanafunzi uwezo wa kuhoji, tumeandika maandalio ya somo mpaka vidole vinauma. Siku mwanafunzi alipohoji kweli, jambo la kweli, lenye hela ndani yake, aliambiwa anyamaze. Na kilichomfungua mdomo si ushujaa. Aliona kitu cha kuchekesha. Kitambaa kipya kwenye shimo la zamani ni kichekesho, na kichekesho kina tabia ya kukutoka kabla hujakumbuka kuogopa.

Wanaosoma saikolojia ya elimu watakuwa wamekutana na habari ya Kashasha, karibu na Bukoba, ng'ambo ya ziwa hapo. Tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu wa shule ya bweni walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Hali ikasambaa mpaka wanafunzi 95 kati ya 159, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Madaktari walitafuta sumu na vijidudu, hawakukuta. Walichoeleza ni mshtuko wa pamoja, yaani hofu na msongo vinavyoambukizana kati ya watu wanaoishi pamoja chini ya mkazo. Hicho hakikuwa kicheko cha furaha. Lakini kinatuonyesha kwamba watoto kuanguka kwa makundi ni jambo linalojulikana, lina maelezo, na halihitaji mtu wa kuchimba mlingoti. Linahitaji watoto wapumzishwe, watenganishwe kwa muda, na wasikilizwe ni nini kinawabana.

Turudi Fairwater, maana utapeli wa Frank ni nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili ndiyo inayonifanya niiandikie muvi hii badala ya kuicheka nikaisahau.

Watu wa mji ule wanaanza kufa mmoja mmoja. Madaktari wanasema ni moyo. Frank peke yake anaona namba zimechorwa kwenye paji la uso la mtu anayefuata kufa, na anaona kivuli chenye kofia kinachowafuata. Mji mzima unamnyooshea yeye kidole. Kwa nini? Kwa sababu ni wa ajabu. Anaishi peke yake, anaongea na hewa, mke wake alikufa vibaya. Afisa mmoja wa FBI anaitwa Dammers, mwenyewe akili hazijatulia, ameshaamua kwamba muuaji ni Frank na hataki kusikia kingine. Kumbe anayeua ni Johnny Bartlett, mfanyakazi wa hospitali ya pale aliyeua watu 12 enzi za uhai wake akanyongewa kiti cha umeme. Amerudi kuongeza hesabu. Hana kisasi, hana matambiko aliyonyimwa. Anataka tu namba yake iwe kubwa kuliko ya wauaji wengine maarufu. Na anaye mshirika aliye hai, Patricia, mwanamke anayeonewa huruma na kila mtu.

Kwa hiyo muvi inauliza maswali mawili. La kwanza: mzimu ukitoka, nani analipwa? La pili: wakati sote tunaangalia mzimu, nani anaua?

Hapa Usukumani swali la pili si la sinema. Mwanza, Shinyanga, Geita, Simiyu na Tabora, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho yanakuwa mekundu kwa moshi. Bibi aliyepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe jikoni bila dirisha kwa miaka 50 atakuwa na macho ya rangi gani? Lakini ng'ombe anakufa, mtoto anaugua, mtu anakwenda kupiga ramli, na mpiga ramli anasema tafuta mwanamke wa upande wa machweo mwenye macho mekundu. Mara nyingine nyuma ya ramli kuna shamba ambalo ndugu wanaligombea. Bibi anakuwa Frank: yuko peke yake, ni wa ajabu, anafaa kunyooshewa kidole.

Na wenzetu wenye ualbino. Umoja wa Mataifa ulikuwa umehesabu zaidi ya watu 70 waliouawa nchini kati ya mwaka 2000 na 2015, na Kanda ya Ziwa ndiyo iliyotajwa zaidi. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Januari 2015 serikali ikatangaza tena kupiga marufuku wapiga ramli, na wiki chache baadaye wakakamatwa zaidi ya 200. Sheria ya uchawi tunayo tangu mkoloni, mwaka 1928. Sheria ya tiba asili tunayo tangu 2002. Yote hayo yapo, na karatasi bado ziko kwenye nguzo. Sheria inamkamata mpiga ramli baada ya ramli. Anayeweza kufika kabla ni mwalimu, kwa sababu mteja wa kesho leo yuko darasani.

Mwaka uleule wa muvi, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Mamia ya watu walikufa. Hesabu ya serikali ilikuwa karibu 900, na wengi wako kwenye makaburi ya pamoja pale Igoma. Nani kati yetu hajalelewa na stori za ule msiba? Ziwa lina stori nyingi za mizimu pia, na siwazuii watu kuzisimulia. Lakini meli ile ilizama kwa mambo ya wanadamu: watu na mizigo kuzidi, na chombo ambacho uthabiti wake majini ulikuwa na mashaka. Tukimpa ziwa lawama, tunamwachia aliyepakia. Ndiyo maana nasema swali la nani hasa amefanya si la Wazungu wala la wasomi. Ni la mtu yeyote aliyewahi kufiwa.

Najua nitakayoambiwa. La kwanza ni kwamba nadharau mila. Wasukuma wana masamva, wahenga wao, na kuwakumbuka wahenga si uhalifu. Nakubali kabisa, na hapo ndipo The Frighteners inapowazidi akili wahubiri wengi wa sayansi. Muvi hii haisemi mizimu haipo! Ndani yake ipo kibao, na mingine ni watu wazuri kuliko walio hai. Frank anaona kweli. Alichokosea si kuona, ni kuuza. Kwa hiyo huna haja ya kumkalisha bibi yako umwambie kila anachoamini ni uongo. Hatakusikia, na shikamoo yako ya kesho hataiitikia vizuri. Muulize tu: bibi, huyu aliyesema kuna jini alilipwa shilingi ngapi, na asingeliona angelipwa? Mtu anaweza kuamini mizimu maisha yake yote na bado akakataa kupigwa. Na mganga wa kweli anayejua mizizi yake, anayemwambia mgonjwa aende hospitali, hilo swali halimsumbui hata kidogo.

La pili, kwamba mambo ya damu si ya kuchekea. Sikubali. Hakuna anayemcheka marehemu. Tunamcheka muuzaji, na muuzaji wa hofu hana adui mkubwa kama kicheko, maana bidhaa yake ni uso wake wa kutisha. Polisi anaweza kumkamata akatoka akiwa na jina kubwa zaidi. Akichekwa, ni vigumu kesho kumdai mtu ng'ombe wawili.

Ndiyo maana nasikitika kidogo na muvi zetu. Bongo ilipoanza kupiga filamu za video miaka ya mwanzoni mwa 2000, za kutisha zilipata watu: Mussa Banzi alitupa Nsyuka, akatupa Shumileta, na mitaani watoto waliogopa kwenda chooni usiku. Upande wa pili tulikuwa na wachekeshaji wa hali ya juu, King Majuto akiwa juu yao mpaka alipofariki mwaka 2018. Lakini za kutisha nyingi zinamaliza kwa kumpa mganga au mchungaji ushindi, yaani zinamfanyia tangazo la bure, na za kuchekesha nyingi zinamfanya mganga kituko cha dakika tano halafu zinahamia kwa michepuko. Nataka mtu akae mpaka mwisho na yule tapeli. Amfuate nyumbani, aone anavyonunua kile kitambaa chekundu sokoni, anavyojadiliana bei, anavyowagawia vijana wake wawili. Halafu jini la kweli limtokee. Hiyo muvi ningeilipia kiingilio hata kabla bumu halijatoka.

Si kwamba The Frighteners haina makosa. Yule Dammers anachukua muda mrefu kuliko anavyostahili. Cyrus, mzimu pekee mweusi mwenye kazi kubwa, amepewa afro na maneno ya kihuni ya miaka ya 70 kana kwamba mtu mweusi hafi akiwa mhasibu. Na mwisho, wanapoonyesha nani anakwenda juu na nani anakwenda chini, mambo yanakuwa matamu mno kwa muvi iliyokuwa chungu hivyo. Inachekesha, ghafla inaua mtu unayempenda, inachekesha tena, na kuna watu haiwakai. Mimi inanikaa. Msiba wa huku ukiuzoea, wa matanga yenye watani wanaochekesha jeneza likiwa bado ndani, hutaona ajabu.

Ninachopendekeza ni kidogo. Chama chetu cha wanafunzi kina projekta, na ukumbi Ijumaa jioni uko wazi. Tuionyeshe, na kabla ya watu kuondoka tukae nusu saa wale wa ualimu tuulizane: ukiwa TP wasichana wakaanguka, wazazi wakaanza kuchanga, wewe mwanafunzi wa mwaka wa pili usiye na sauti kwenye ofisi ya walimu utafanya nini? Nataka kusikia majibu ya watu ambao yamewakuta, maana najua siko peke yangu. Wanaosoma sheria waje watuambie mpiga ramli anashtakiwa kwa kifungu gani. Wa saikolojia waje na Kashasha. Wa uandishi wa habari waje na kamera, labda ile muvi ya kitambaa chekundu itaanzia hapo.

Na kama yule mtoto wa kidato cha pili amefika cha tatu au cha nne, na mmoja wenu akapangiwa shule yake, akinyoosha mkono tafadhali msikilize.